Mlango wa Upande wa Mto

Baba Mwende,

Usishangae kuona naandika kwa Kiswahili. Nyumbani tuliongea Kikamba, hata tulipogombana, lakini barua zetu za kwanza zote zilikuwa za Kiswahili. Ulikuwa Burma, na msomaji wa barua wa jeshi alizikawiza barua za Kikamba kwa sababu hakuelewa watu walikuwa wanaambiana nini humo. Ukanitongoza kwa Kiswahili cha kambini, nikakujibu kwa Kiswahili cha misheni, kila mmoja akimcheka mwenzake kimoyomoyo. Hii nayo naiandika hivyo hivyo. Tena naiandika wazi, ibandikwe kwenye ubao wa holi karibu na tangazo la chanjo ya ng'ombe. Jambo lenyewe lilianzia barazani mbele ya watu, na watu wana haki ya kujua lilivyoishia.

Juzi tumeitwa barazani tena kwa habari ya lile holi. Nitafika huko. Kwanza nikukumbushe baraza la kwanza, maana wewe ulipenda sana kulisimulia, na kila mara uliruka sehemu moja.

Ilikuwa hapo sokoni Matinyani. Bwana DO, afisa mzungu wa serikali, alifika na gari lake, akatandaza ramani juu ya meza ya muuza nyama, akaweka mawe kwenye pembe ili upepo usiichukue. Wewe mkalimani wake ulisimama kando, kaptula ya kaki imenyooka kwa pasi yangu ya makaa, soksi umezivuta mpaka magotini. Serikali ingetoa mabati na saruji, akasema, na sisi tungetoa mawe, mchanga na mikono. Ingekuwa nyumba ya watu wote, ya mikutano, ya redio, ya darasa la kusoma, hata ya arusi mvua ikinyesha. Lakini kabla ya jiwe la kwanza alitaka kusikia maoni yetu. Mtu yeyote angeweza kusema, wazee, vijana, hata akina mama. Ulipofika hapo pa akina mama ulipaza sauti kidogo, nami niliyekuwa nimekaa chini na wenzangu nikajivuna.

Watu walisema. Mzee mmoja aliuliza kwa nini tusichimbiwe bwawa badala ya nyumba, kwa kuwa ng'ombe hawanywi mikutano. Mwingine alitaka holi liwe karibu na kanisa, na mwingine akasema liwe mbali na kanisa kabisa. Wako waliokumbuka jinsi mifugo yao ilivyowahi kuhesabiwa kisha ikachukuliwa, wakauliza kama hiyo nyumba haikuwa njia nyingine ya kutuhesabu sisi wenyewe. Yote uliyafikisha, ya Kikamba kwa Kiswahili na ya Kiswahili kwa Kikamba, bila kumeza hata neno. Nilikuangalia nikasema moyoni, huyu mtu ni wangu.

Kisha Bwana DO akaweka kidole kwenye ramani akaonyesha mlango. Mlango wenyewe ulikuwa mmoja, mkubwa, unaotazama barabara. Kando yake, ndani, palichorwa meza ya karani, ili amwone kila aingiaye na atokaye. Na karani, akasema huku akikushika bega, atakuwa huyu hapa. Watu wakapiga makofi. Upande wa wanawake makofi yalikuwa machache, na wewe ulijua ni kwa nini.

Kwa wageni watakaosoma ubaoni, wenye maduka na madereva wa malori, nieleze kidogo. Huku kwetu mwanamume na mama wa mkewe wana nthoni. Ni heshima, ni haya, ni yote mawili pamoja. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono, wala hawapiti mlango mmoja wakagusana mabega. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Mchungaji wetu alishasema kwamba nthoni haimzuii mtu mbinguni wala haimwingizi, kila mtu afuate moyo wake, na wako waliokuwa wameiacha. Nyinyi wawili, wewe na mama yangu, hamkuiacha hata siku moja.

Wewe uliyerudi kutoka vitani na nishani kifuani ulikuwa unarukia ua wa miiba ukimwona mwanamke mfupi amebeba kibuyu! Mara ngapi nimekutoa miiba mgongoni? Mpaka Mwaitu, mama yangu, akakuonea huruma. Akaanza kukohoa. Akifika pale njia inapokata kona chini ya shamba letu, anakohoa mara moja, kikohozi kikavu kisicho cha ugonjwa, nawe unapata nafasi ya kutoka taratibu kama mtu mwenye shughuli zake. Hamkuwahi kusemezana neno, lakini mlielewana kwa kikohozi kile kuliko ndugu wengi wanavyoelewana kwa maneno.

Sasa fikiria, mtu kama huyo aambiwe kwamba nyumba ya watu wote ina mlango mmoja, na mlangoni umekaa wewe.

Mwaitu alilitaka lile holi kuliko mtu yeyote barazani. Nilikuwa nimeahidiwa kufundisha wanawake kusoma humo wakati wa alasiri, na yeye alikuwa amenijia nyumbani, siku ambayo hukuwepo, akaniambia kwamba angekuwa wa kwanza. Alikuwa amechoka kusomewa Biblia na watu wenye haraka, alisema, wanaoruka majina magumu wakidhani hasikii. Alitaka kuisoma mwenyewe, pole pole, na majina yake yote.

Akasimama. Umbo lake dogo hukuliona, kwa sababu tangu asubuhi ulikuwa umeupa mgongo upande wa wanawake, lakini sauti uliijua. Akasema kwa Kikamba, bila kupaza sauti:

"Nyumba ya watu wote haitoshwi na mlango mmoja. Mtu na mkwe wake watapishana wapi? Tuwekeeni mlango wa pili upande wa mto, nasi tutaingia."

Bwana DO akageuka kwako. "Huyu mama nasema nini?"

Hapo ndipo ulipokuwa ukiruka kila uliposimulia. Mimi nilikuwepo na Kiswahili nakijua. Ulitazama soksi zako, ukasema, "Anasema nyumba ni nzuri, Bwana."

Bwana DO akatabasamu, akamshukuru Mwaitu kwa mkono, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Waliojua Kiswahili wakacheka wakiziba midomo. Mwaitu hakukijua. Aliona mzungu ametabasamu na kuandika, akakaa chini ameridhika, akaamini mlango wake umeandikwa.

Jioni hiyo sikukuandalia chakula cha moto. Ulikula isyo iliyolala, mahindi na maharagwe yamekuwa magumu kama kokoto, na hukuuliza kwa nini. Mwishowe ukasema, kana kwamba nimekushtaki, "Ulitaka nichukue maneno ya mama yako kinywani mwangu, mbele ya watu wote? Tena maneno yanayonihusu mimi na yeye?"

Nikakwambia ndiyo, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Ukatoka nje kuangalia mbuzi waliokuwa wameshalala. Nilikuwa na hasira, lakini sikuweza kukuita mwongo. Ungeweza kusema maneno ya mtu mwingine yeyote pale sokoni, hata matusi. Ya kwake hayakupita kooni. Tulimweka mtu aseme maneno ya wote, kisha tukasahau kwamba naye ana mkwe!

Basi holi likajengwa. Mwethya wa wanawake, kikundi chao cha kazi za pamoja, ulibeba mchanga kutoka mtoni, nyimbo juu na mizigo mgongoni, na Mwaitu alikuwa miongoni mwao. Kila kuta zilipopanda alizunguka upande wa mto kutazama mlango wake unaanzia wapi. Nilikosa ujasiri wa kumwambia. Alijua siku mafundi walipoliziba tundu la mwisho na kuanza kupaka chokaa. Alipitisha kiganja kwenye ukuta ule mbichi, akaweka chini mzigo wake, akaniuliza jambo moja tu, kama yule mzungu alikuwa kiziwi. Nikajibu kwamba hakuwa kiziwi. Alinitazama kidogo, akaelewa, akabeba mzigo wake tena. Hakukusema vibaya, si siku ile wala baadaye.

Holi lilipofunguliwa wanaume waliingia, vijana waliingia, na wasichana wasio na wakwe waliingia. Wanawake wazima, wale wale waliobeba mchanga, walibaki nje, maana si wewe peke yako uliyekuwa na mama mkwe pale. Mlango mmoja ulikuwa umejaa wakwe. Darasa langu lilikuwa nusu. Ndani nilikuwa na wasichana wakichezea kalamu. Nje, chini ya dirisha, walikaa mama zao, na mama yangu mbele kabisa, akiandika herufi kwa kijiti mchangani nilivyozitamka. Nilifundisha nikiwa nimesimama dirishani, kichwa nje na miguu ndani. Ulikaa mezani pako ukijifanya unapiga mistari kwenye daftari, na naapa hukupiga mstari ulionyooka hata mmoja.

Halafu ikaja ile mvua. Unaikumbuka, ile ya Novemba ambayo haikupiga hodi. Ilishuka ghafla, mabati yakalia, wanawake wakaruka wakakimbilia ukutani. Wengine, mvua ilipozidi, walijikaza wakaingia hivyo hivyo wamejifunika nyuso. Mwaitu hakuingia. Alisimama nje, shuka limemganda mwilini, na maji yakifuta herufi zake mchangani. Mlangoni ulikuwepo wewe. Usingeweza kumkaribisha, na ungetoka ungemkuta uso kwa uso.

Ukasimama. Ukavua kofia, ukaiweka mezani. Ukavuka holi lote mbele ya darasa langu, ukaenda kwenye dirisha la mwisho, ukapandisha goti, kisha goti la pili, karani wa serikali mwenye nishani, ukatokea dirishani. Kaptula yako ilinasa kwenye komeo. Tuliisikia ikichanika hata kwa kelele zile za mabati. Ukaangukia kwenye matope upande ule mwingine, ukajikokota mpaka kwenye banda la muuza nyama. Nami nikaenda mlangoni nikamwambia Mwaitu kwamba karani hayupo, ameitwa. Akakohoa, akaingia.

Matinyani nzima ilicheka msimu mzima. Watoto walicheza "karani na dirisha". Mimi sikucheka, au nilicheka baadaye sana. Siku ile nilikupenda kuliko siku uliyorudi kutoka Burma, na sidhani niliwahi kukuambia. Nilikuambia tu kwamba kaptula hiyo haishoneki tena.

Wiki hiyo hiyo ulitembea mpaka Kitui mjini, bila kuitwa na mtu. Uliniambia uliporudi. Ulisimama mbele ya meza ya Bwana DO ukamwambia kwamba yule mama wa barazani hakusema nyumba ni nzuri. Alisema anataka mlango, ukamweleza sababu, na ukamwambia yeye ni nani kwako. Akakuuliza mbona hukusema. Ukamjibu kwamba ndiyo hiyo sababu yenyewe. Alicheka, au alikohoa, hukujua. Akasema ramani imeshapita huko juu na hana mafundi wala saruji ya kuongeza, lakini ukuta ni wenu, na yeye haji Matinyani Jumamosi.

Jumamosi ukachukua mtaimbo na patasi. Kabla hujatoka ulisimama pale jikoni ukaniuliza, ukiangalia kwingine, "Mama yako ni mrefu kiasi gani?"

Miaka yote ile ulikuwa hujamtazama vya kutosha kujua. Nikasimama, nikaweka kiganja sawa na sikio langu. Ukapima kwa kamba, ukafunga fundo. Ulitoboa ukuta upande wa mto tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama, ukaweka fremu ya mbao za mti wa mukau ulizozipasua mwenyewe. Wewe hukuwa fundi. Juu pamepinda, chini pana kizingiti kinachokwaza watu, na mtu wa kimo cha kawaida asipoinama anagonga kichwa. Chifu aligonga. Mchungaji aligonga mara mbili, akasema si mbaya mtu kuinama. Mwaitu alipita wima.

Kuanzia hapo darasa langu lilijaa. Wanawake waliingia upande wa mto, wanaume upande wa barabara, na katikati nilitundika pazia la gunia asubuhi za baraza, mpaka siku moja hakuna aliyekumbuka kulitundika. Mwaitu alikohoa kabla ya kuingia, wewe ukainamia daftari lako, akakaa. Alijifunza taratibu, akakataa kuruka. Siku aliposoma sura nzima ya majina ya watu waliozaa watu, jina kwa jina, nilikuona umeacha kalamu, umetega sikio, mgongo umempa, unatabasamu na ukuta.

Kisha kifua chako kikaanza. Sitaandika habari za hospitali hapa, wewe ulikuwepo. Mwaitu hakuja kukuona kitandani, hakuweza, lakini kila asubuhi nilikuta mtungi wa uji mlangoni, nawe ulikuwa umeshasikia kikohozi kule konani na kuniambia nikauchukue. Siku ya maziko alisimama nyuma kabisa, mbali na kaburi, amejifunika shuka. Nilidhani baada ya hapo ataanza kupita mlango wa barabarani kama watu wengine, maana mezani sasa amekaa mtu baki. Hapana. Anazunguka upande wa mto, anakohoa, anasubiri kidogo, anaingia. Sijawahi kumuuliza anamsubiri nani.

Sasa nimefika juzi. Amekuja Bwana DO mpya, kijana, na ramani mpya. Holi linaongezwa chumba cha mganga, cha kupimia watoto na kufungia vidonda. Ni jambo jema na wote tumelitaka. Lakini chumba kinajengwa upande wa mto. Mkalimani wa sasa ni mtoto wa watu wa kule Mwingi, hana mke bado, yeye anatafsiri kila kitu kama redio. Alitueleza kwamba lile tundu la upande wa mto litazibwa, kwa sababu halimo katika ramani yoyote ofisini, na hata halifanani na mlango. Halafu wakauliza kama kuna mwenye maoni.

Nilitaka kusimama mimi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mengine makali. Kabla sijainuka nikasikia kikohozi.

Mwaitu alienda mpaka mezani. Watu walimpisha. Akainamia ramani akasoma herufi kwa midomo, kama ninavyowakataza darasani, akatafuta mahali, akaweka kidole. Akasema kwa Kikamba kwamba hapa pana mlango, na kwamba chumba cha mganga kisogee kidogo, nafasi ipo. Mkalimani akatafsiri. Bwana DO akauliza, kwa upole, huo mlango uliwekwa na nani.

Baba Mwende, unajua kwa nthoni hajawahi kukutaja jina. Kwangu ulikuwa "mtu wako". Kwa jirani ulikuwa "baba wa wajukuu wangu". Hata siku ya maziko, wanawake walipokulilia kwa jina, yeye alilia bila jina. Mimi mwenyewe katika barua hii sijalitaja. Nilijua atasema "mkwe wangu", na kila mtu angeelewa, na ingetosha.

Akanyoosha mgongo. "Musyoka," akasema. "Uliwekwa na Musyoka. Mwandike."

Mkalimani akatafsiri lote, na jina lako juu yake. Bwana DO akaomba aambiwe jina hilo linavyoandikwa, mkalimani akaanza kubabaika, na Mwaitu akamtamkia herufi moja moja, pole pole, bila kuruka. Likaandikwa kwenye ramani kwa penseli, kando ya mlango mdogo. Nimelia mbele ya watu, na sioni haya.

Chumba cha mganga kitasogezwa. Kesho tunaanza kubeba mchanga.

Pumzika, Baba Mwende. Nyumba ni nzuri, sasa hilo ni kweli. Na siku ukisikia kikohozi huko uliko, upande wa mto, usirukie miiba. Kaa hapo hapo umkaribishe.

Mkeo,
Mama Mwende